Nilimwahidi bibi mchoro wake, nikaondoka nao kwenye mkoba

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38, naishi Tanga mjini na ni karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Kuchora nimeanza mwaka jana tu. Mwanangu wa pili alipewa kazi ya shule achore jogoo, akaniomba nimsaidie. Jogoo alitoka kama kuku aliyenyeshewa, lakini mkono ulifurahi kuliko nilivyotegemea. Tangu siku hiyo nikawa nachora nyuma ya risiti ofisini. Rafiki yangu akaniunga kwenye kundi la watu wanaopenda kuchora, tuko kumi na wawili, tunakutana Jumamosi mbili kwa mwezi, mara Raskazone, mara mitaa ya Ngamiani.

Hivi karibuni kundi liliandaa kambi ya kuchora Lushoto, Ijumaa mpaka Jumapili. Mchango ulikuwa Sh 150,000, humo humo nauli ya Kosta, kulala na kula. Mume wangu aliposikia alisema, "Laki na nusu ukachore migomba? Migomba si iko hapo nyuma ya choo?" Nikacheka naye, nikalipa kwa hela yangu ya mchezo.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri, Shangazi. Pale Mombo tulipoiacha barabara kuu na kuanza kupanda, kona baada ya kona, nilijisikia kama nimetoka kwenye mwili wangu. Soni tukasimama, tukanunua karoti zenye majani yake. Usiku baridi, blanketi mbili.

Jumamosi asubuhi kila mtu aliambiwa atafute pahala pake. Mimi nilishuka chini ya barabara nikamkuta bibi mmoja barazani kwake anachambua maharage kwenye ungo. Nikaamkia, nikaomba kumchora. Akacheka sana. "Mimi mzee hivi wa nini? Mchore mjukuu wangu." Nikambembeleza. Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge kipya na kilemba chake, akakaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho. Alikaa hivyo saa nzima na nusu. Katikati mjukuu aliniletea chai ya mchaichai na kiazi kitamu. Kwa ruhusa yake nilimpiga na picha moja ya simu.

Uso ulinishinda. Jicho moja lilikwenda juu, jingine chini. Nikafuta kwa raba, nikachora, nikafuta tena, mpaka karatasi ikachanika pale chini ya kidevu. Akasema, "Hebu nijione." Nilifunga daftari haraka. Nikamwambia, "Bibi, bado sijamaliza. Nitamalizia usiku, kesho asubuhi nakuletea." Akasema, "Usinisahau. Nitautundika pale." Akanionyesha msumari ukutani, ulikuwa umebeba kalenda ya miaka ya nyuma.

Usiku tulikaa kwenye mkeka, kila mtu atandaze kazi yake. Kiongozi wetu akawa anapita na tochi ya simu. Kuna kijana mmoja alichora nyumba na mlima, utadhani utaingia ndani. Kufika kwa dada mmoja, kiongozi akanyanyua daftari lake juu na kuuliza, "Huyu ni mbuzi au ni mama mwenye nyumba?" Watu wakacheka, na yule dada akacheka. Ilipofika zamu yangu nikasema kichwa kiliniuma, sikuchora kitu. Nilidanganya.

Jumapili tulikwenda Irente, pale ukingoni mwa mlima, watu wakachora bonde lililo chini, saa tano tukaondoka. Kosta ilipita juu kidogo ya nyumba ya yule bibi. Niliinama kama natafuta kiatu. Sijui kama alikuwa barazani.

Sasa kundi limepanga kurudi kule kule baada ya miezi miwili. Mimi tangu siku ile sijashika penseli. Nijitoe kwenye kundi? Au nimlipe yule kijana anichoree upya kutokana na ile picha ya simu, nimpelekee bibi kitu kizuri? Mwenzangu mmoja niliyemweleza amesema nimpe bibi Sh 10,000 yaishe. Mume wangu anasema bibi ameshasahau, ni mchoro tu.

Mficha Daftari, Tanga

---

Marahaba, mwanangu.

Kwenye jogoo nilicheka mpaka mjukuu wangu akaja kuuliza kuna nini. Nilipofika kwenye msumari nikavua miwani.

Nianze na mumeo, maana hilo la kwamba ameshasahau ndilo ambalo ungependa liwe kweli. Nikiwa msichana, kijijini kwetu alipita mpiga picha wa baiskeli. Siku hiyo bibi yangu mzaa mama alikuwa amekuja kututembelea, basi mama akaona bahati, akamkalisha mama yake kwenye kiti, akasimama pembeni, mkono begani. Wakapigwa. Mama akatoa nusu ya pesa, nyingine siku picha zikija. Yule bwana akaandika jina kwenye kijidaftari chake, akapanda baiskeli. Hakuonekana tena. Sijui kama filamu iliungua, au alikufa, au alikuwa tapeli tu. Ninachojua ni kwamba kwa miaka, kengele ya baiskeli ikilia barabarani, mama alikuwa anainua kichwa. Pesa hakuwahi kuitaja hata siku moja. Aliuliza tu, "Sijui tulitokaje pale."

Kwa hiyo bibi yako hajasahau. Lushoto wageni hawajaanza kupita leo. Mtu mwenye nyumba kando ya barabara kule ameshalengwa na kamera nyingi kutoka kwenye madirisha ya magari. Wewe ulishuka, ukaamkia, ukaomba. Ndiyo maana aliingia ndani kubadili nguo.

Na soma tena ulichoniandikia. Hakusema "nichore vizuri." Alisema "hebu nijione."

Wazo la kumlipa yule kijana liache. Si kwa sababu ni dhambi. Atachora uso mzuri wa mtu ambaye hajawahi kukaa naye, wewe utaupokea kwa mikono miwili, halafu bibi atakuuliza, "Huu ndio ule?" Utajibu nini? Umeshamdanganya bibi kidogo, ukawadanganya wenzako usiku, ukajidanganya na kiatu ndani ya Kosta. Tukiongeza na hili itabidi tufungue faili.

Shilingi elfu kumi si jambo baya lenyewe. Bibi alikupa saa na nusu, maharage yakabaki kwenye ungo, na chai ukanywa. Ila ukiitoa badala ya mchoro, umelipa deni lingine kabisa. Mpelekee mchoro, na mkononi uwe na zawadi ya mtu anayetoka pwani: nazi nne, samaki ng'onda waliokauka vizuri, umezungusha kwenye gazeti kusudi wenzako wasikufukuze kwenye gari. Picha ya simu nayo isafishe, studio yoyote hapo mjini watakutolea kwenye karatasi siku hiyo hiyo. Iwe nyongeza. Mchoro ndio ulioahidiwa.

Mchoro upi? Ule ule, uliochanika kidevuni. Ukate kwa wembe na rula, usiunyofoe. Bandika nyuma yake karatasi ngumu, ile tundu itajifunga. Andika pembeni jina la bibi, mahali, tarehe ya siku ile. Uweke kwenye faili la plastiki, maana ukungu wa kule unaingia mpaka kwenye mifuko. Ukifika usitoe hotuba ya msamaha. Wazee wanachoka na hotuba. Amkia, kaa, mwambie, "Bibi, nimechelewa. Huu hapa. Jicho limenishinda." Halafu nyamaza umwache aangalie. Kama atacheka, nawe cheka naye.

Ukikuta hayupo, mjukuu yupo. Kama kuna lililompata, nyumba itakuwa na wa kukuambia, na mchoro utauacha pale pale.

Sasa tuje kwenye hilo jicho, kwa sababu nadhani hukukosea kwa kiasi unachodhani. Mimi si fundi, lakini nilifundisha watoto wa msingi miaka mingi na kipindi cha sanaa nilikuwa nakifundisha mwenyewe, na makosa ya wanaoanza yanafanana. La kwanza ni kuyapandisha macho juu sana. Ukipima kichwa cha mtu mzima kutoka utosini hadi kidevuni, macho yako katikati kabisa. Sisi tunayapeleka karibu na nywele kwa sababu paji la uso tunaliona halina kazi. Na bibi alikuwa na kilemba! Kilemba kinaongeza kichwa kimo, ukipima mpaka juu ya kilemba umeshapotea. Tafuta fuvu liko wapi chini ya kile kitambaa.

Jicho moja juu jingine chini: umewahi kumwona mzee anayekaa wima saa na nusu bila kichwa kulala upande? Shingo ilichoka, kichwa kikainama, na mstari unaopita kwenye macho mawili ukainama nacho. Pengine mkono wako uliona kweli, wewe ukaufuta kwa raba kwa sababu unajua macho "yanatakiwa" yawe sawa. Inyooshe penseli mbele yako, mkono mnyoofu, funga jicho moja, ilaze penseli juu ya macho ya bibi uone imelala kwa kiasi gani. Ndipo uchore.

Lakini kosa kubwa, mwanangu, lilitokea kabla hujagusa karatasi. Ulimkuta mtu anachambua maharage. Mgongo umejikunja, vidole vinatembea, ungo duara kama mwezi mapajani. Hicho ndicho kilichokusimamisha, si ndivyo? Halafu ukamwacha aweke ungo chini, avae, akae kama yuko ofisi ya vitambulisho. Ukabaki na uso mtupu, kitu kigumu kuliko vyote, na mtu aliyekakamaa. Hata mafundi wangepata jasho.

Safari hii, baada ya kumkabidhi wa kwanza, muombe umchore tena akiwa na kazi yake. Mwambie ni dakika ishirini, na ziwe ishirini kweli. Anza na ungo, kisha mabega, kisha ule mkunjo wa mgongo, vitu vikubwa kwanza. Mikono usiifukuze. Mtu anayechambua maharage anarudia mwendo ule ule. Subiri mkono urudi pahala pake, chora kidogo, subiri tena. Uso uwe wa mwisho, na ukiishia kuwa kivuli tu chini ya kanga hakuna atakayekudai. Usichore mmoja. Chora mitano, kila mmoja dakika nne, kwenye ukurasa mmoja. Raba iache Tanga. Na penseli kama ni HB, ile ngumu kidogo ya kuandikia, ambayo nadhani ndiyo uliyokuwa nayo, weka pembeni. Inakufanya ukandamize na ndiyo iliyokuchania karatasi. Nunua 2B au 4B, zenye risasi laini zaidi, nyepesi mkononi, nyeusi ukitaka.

Halafu muonyeshe mapema, dakika ya tano, bado ni mistari mitatu na duara. Hapo hakuna mzuri wala mbaya, mtacheka wote, na ile "hebu nijione" haitakukuta na daftari la kuficha.

Kama mna rangi za maji, kuna jambo litakusumbua kule ambalo Raskazone halipo. Hapa pwani rangi inakauka kabla hujaosha brashi. Milimani, asubuhi yenye ukungu, inabaki mbichi, ukiweka rangi ya pili juu ya ya kwanza vinageuka uji. Chora michoro miwili kwa zamu, huu ukisubiri ule ukaufanyie kazi. Na karatasi ya daftari la shule haibebi maji, itajikunja kama chapati. Ile nzito ya gramu 300 ni ghali, lakini kipande kimoja ukikikata nne kinatosha siku nzima. Mkirudi Irente, utaona chini kule Mazinde na mashamba ya mkonge, kisha tambarare inakwenda mpaka inakuwa mbingu. Watu hujaza kijani pote. Kitu kilicho mbali kipauke, kiwe na ubluu kidogo. Kijani chako kizito kiweke kwenye majani yaliyo karibu na miguu yako.

Kuhusu kujitoa kwenye kundi, sioni sababu. Kiongozi wenu simjui, na watu wa Tanga kwa utani tunajuana. Huenda alidhani anachangamsha mkeka. Mpigie, si kwenye kundi la WhatsApp, mpigie, umwambie ulivyojisikia usiku ule na kwamba kwa sababu hiyo ulificha kazi yako. Pendekeza mambo mawili: anayetaka kutandaza atandaze, asiyetaka aangalie tu, na daftari la mtu asilinyanyue mwingine. Kiongozi mwenye akili atakushukuru. Asiyekuwa nayo mtajua mapema kabla ya kumpa mchango mwingine.

Ila kuna mtu umemwandika mistari miwili tu ukampita. Yule dada wa mbuzi. Yeye hakuwa na nafasi ya kusema kichwa kinauma, daftari lilikuwa tayari liko juu kwenye mwanga wa tochi. Umesema alicheka. Wewe pia uliinama kutafuta kiatu. Umeshamtafuta? Mtafute. Mwambie ulichora uso ukachanika, umwonyeshe. Mwende kwa bibi wote wawili, mmoja akichora ungo mwingine achore mjukuu, yule ambaye bibi mwenyewe alimpendekeza tangu mwanzo na hakuna aliyemchora.

Mumeo simlaumu, laki na nusu ni pesa. Siku mkiwa mmekaa vizuri mkumbushe kwamba Edward Saidi Tingatinga, huyu ambaye jina lake limekuwa jina la aina nzima ya uchoraji, alipotoka kwao kusini miaka ya 1950 alikuja huku huku Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Kuchora alianza mwishoni mwa miaka ya 1960, ameshavuka 35, hajasoma shule ya sanaa, anatumia rangi ya baiskeli kwenye vipande vya ubao mwembamba wa hardboard. Alifariki 1972. Ni miaka michache tu hiyo, na ndani yake alikuwa na ndugu na vijana wamemzunguka wanajifunza kwa kuangaliana. Sisemi wewe utakuwa Tingatinga. Jogoo wako nimemsikia. Nasema umri si hoja.

Na ile migomba ya nyuma ya choo, hapo mumeo amekupa ushauri mzuri bila kujua. Mna miezi miwili. Ichore kila jioni, dakika kumi, kabla ya kupika. Jani la mgomba lililochanwa na upepo litakufundisha mkunjo wa kanga kuliko mimi. Ukichoka nayo, mchore yeye akiangalia mpira. Hatikisiki, na mdomo huwa wazi.

Kabla ya kulipa mchango, ongea na dereva. Mwambie kuna nyumba chini ya barabara ambapo Kosta itasimama, na isimame mkiwa mnaingia Ijumaa au Jumamosi asubuhi. Usikubali Jumapili. Jumapili kila mtu ana haraka ya kushuka Mombo.

Shangazi